Betri ya Mashua Siku za Mbalamwezi

Wasomaji wetu, mazungumzo haya ni juu ya kitu kizito, cheusi, kisichopendeza macho, ambacho wengi wetu tunacho nyumbani au chomboni, nacho ni betri. Twataka kueleza kwa nini betri nyingi hufa mapema, na hasa kwa nini hufa zikiwa zimekaa bure, wala si zikiwa kazini. Jambo hili huwastaajabisha watu. Mtu huitumia betri yake usiku baada ya usiku pasipo matata. Kisha huiweka pembeni ipumzike, naye akiirudia huikuta haina nguvu hata ya kuwasha taa moja. Husema, "Nimeuziwa betri mbovu." Pengine ni kweli, lakini mara nyingi betri ilikuwa nzima, nayo imeharibika kwa sababu ya jinsi ilivyolazwa.

Msomaji aliyeko Ibaba, katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, huenda akauliza, "Mashua zatuhusu nini sisi tulio mbali na ziwa?" Swali hilo ni la haki. Lakini na autazame mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi: maji yake hayakai katika vilima vya Ileje, bali hushuka mpaka Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Huko wako wavuvi wanaovua usipa usiku kwa taa, na taa nyingi za siku hizi huwashwa kwa betri, mahali pa karabai za zamani. Betri hiyo ya mvuvi ni ndugu ya ile iliyo nyumbani kwa mtu wa Ibaba, inayopokea nguvu za jua kutoka paneli iliyo juu ya bati. Sheria ya moja ndiyo sheria ya nyingine. Basi tutaanza ziwani, kwa kuwa huko ndiko kosa linakoonekana wazi, kisha tutapanda mlimani.

Kwanza yafaa tutenganishe betri za namna mbili. Mwaka 1949 zilianza kuuzwa katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa ni Zambia, ng'ambo ya Tunduma, redio ndogo za mviringo zilizofanana na sufuria, ili watu wa vijijini wapate kuisikiliza stesheni ya Lusaka. Redio hizo zilitumia betri kavu. Nguvu zilipokwisha, betri ilitupwa na kununuliwa nyingine. Betri ya mashua si ya namna hiyo. Hii hutumika, ikajazwa, ikatumika tena, mara mamia, ikiwa mwenyewe anaijua tabia yake. Iliyobuniwa kwanza ni kazi ya Mfaransa Gaston Planté, mwaka 1859, na mpaka leo asili yake haikubadilika.

Ukiweza kuona ndani ya betri ya volti 12, utakuta vyumba sita. Katika kila chumba mna mabamba membamba ya risasi yaliyosimama karibu karibu pasipo kugusana, nayo yamezama katika maji makali, yaani tindikali iliyochanganywa na maji. Kila chumba hutoa volti mbili na kidogo zaidi, na vyumba sita vikiunganishwa hutoa 12. Taa inapowaka, tindikali hushikamana na risasi ya mabamba, na juu yake hufanyika utando mweupe uitwao salfeti ya risasi. Kadiri taa inavyoendelea kuwaka, ndivyo utando unavyoenea, na ndivyo tindikali inavyopungua ukali na kuwa kama maji. Tunapoijaza betri kwa paneli au kwa chaja, kazi hugeuka nyuma: utando huyeyuka, tindikali hurudi katika maji yake, na mabamba huwa tayari tena.

Hapa ndipo penye siri yote. Utando ule ukiwa mpya ni laini, nao huondoka kwa urahisi. Ukiachwa siku nyingi, hukaza na kuwa chembe kubwa ngumu. Kila mama ajua habari ya sufuria ya ugali: ikioshwa upesi baada ya kupakua, ukoko hutoka bila taabu, ikiachwa ikauke kwa siku kadhaa, hata mchanga na nguvu za mkono hazitoshi. Na betri ni vivyo hivyo, ila hakuna awezaye kuingiza mkono ndani akasugue. Sehemu ya bamba iliyofunikwa na ukoko huo haifanyi kazi tena. Kwa hiyo betri ya mwaka jana iliyowasha taa usiku kucha, mwaka huu huzima kabla ya saa sita za usiku, ingawa kwa nje yaonekana mpya.

Sasa tuifuate betri ya mvuvi. Mvuvi wa taa hufanya kazi yake katika siku za giza. Mwezi unapopevuka na kuangaza juu ya maji, taa yake haina nguvu ya kuwakusanya samaki, kwa sababu mwanga umeenea kila mahali. Basi kila mwezi huwa na siku kadhaa ambazo vyombo vingi vya taa hupandishwa pwani, nyavu hushonwa, na watu hupumzika. Betri nayo hupelekwa nyumbani na kuwekwa chini. Na tuulize: betri hiyo imelala imeshiba, au imelala na njaa?

Tufanye hesabu, kama ambavyo mwanafunzi angeifanya ubaoni. Tuseme betri ina uwezo wa ampea-saa 70, maana yake yaweza kutoa ampea moja kwa muda wa saa 70, au ampea saba kwa saa 10, kwa kadiri. Mashua ina taa mbili za wati 15 kila moja, jumla wati 30. Gawanya wati 30 kwa volti 12, utapata ampea mbili na nusu. Taa zikiwaka saa 10, zimekula ampea-saa 25. Asubuhi betri inaunganishwa na paneli ya wati 50. Katika siku njema ya jua, baada ya kutoa upotevu, paneli hiyo huirudishia kama ampea-saa 13. Basi kila usiku twakopa 25, na kila mchana twalipa 13.

Usiku wa kwanza betri hubaki na 45. Mchana hupanda mpaka 58. Usiku wa pili hushuka mpaka 33. Mchana hupanda mpaka 46. Usiku wa tatu hubaki 21. Mchana hupanda mpaka 34. Usiku wa nne hubaki 9 tu, na taa huanza kufifia. Mvuvi asema betri imechoka. La, haikuchoka, bali ina deni. Na mara mwezi unapoangaza, betri hiyo yenye deni huwekwa pembeni "ipumzike". Hapo ndipo utando unapopata nafasi yake ya kuwa ukoko. Siku za mbalamwezi ni mapumziko ya wavu na ya mwili. Lakini si mapumziko ya paneli. Kwa mfano wetu, betri yenye deni la ampea-saa 61 yaweza kulipwa kwa siku tano za jua. Mvuvi anayeiacha paneli ikiendelea kufanya kazi katika siku hizo huirudia kazi na betri iliyoshiba. Jirani yake huirudia na betri mgonjwa, kisha hununua nyingine kabla ya wakati wake, kwa fedha ambazo zingelipia wavu au ada ya mtoto.

Hesabu hiyo yatufundisha jambo la pili. Betri ya risasi haipendi kutumiwa mpaka mwisho. Yafaa kuiachia nusu ya uwezo wake. Katika mfano wetu, nusu ni 35. Basi kila mara ilipopita chini ya hapo ilijifupishia maisha. Dawa ziko tatu: kuongeza paneli, mathalan kutoka wati 50 mpaka 100, au kutumia taa zinazokula kidogo, au kupunguza saa za kuwasha. Kununua betri kubwa zaidi bila kuongeza paneli si dawa, kwa sababu ni kuongeza tumbo pasipo kuongeza chakula.

Tutajuaje kama betri imeshiba? Macho hayatoshi. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni mita ya volti, ambayo mafundi wa redio na wa umeme wanayo. Betri ikiwa imekaa saa kadhaa bila kujazwa wala kutumiwa, mita ikionyesha 12.6 au 12.7, imeshiba. Ikionyesha 12.4, imebaki robo tatu. Ikionyesha 12.2, imefika nusu. Ikionyesha 12.0, iko karibu na robo, na ikiwa 11.8 au chini yake, imekwisha. Tazameni jinsi tofauti kati ya shibe na njaa ilivyo ndogo: haifiki hata volti moja. Ndiyo maana mtu akipima mara tu baada ya kuondoa paneli hudanganyika, kwa sababu volti huwa bado zimepanda kwa muda.

Njia ya pili ni ya betri zenye vifuniko vinavyofunguka. Kuna chombo cha kioo chenye mpira wa kuvutia na boya dogo ndani, kiitwacho haidromita, kinachopima uzito wa tindikali. Maji matupu husomeka 1.000. Tindikali ya betri iliyoshiba husomeka karibu na 1.265, ya nusu karibu na 1.190, na ya betri iliyokwisha karibu na 1.120. Chombo hiki chafaa kupita mita kwa jambo moja: huonyesha kila chumba peke yake. Vyumba vitano vikiwa sawa na cha sita kimepungua sana, ugonjwa umejulikana mahali pake.

Sasa tuzitaje kazi za siku za mapumziko kwa taratibu yake. Chombo kikishapandishwa pwani, ziondoeni nyaya katika vichwa vya betri, kwa maana taa moja iliyosahauliwa, au pampu ya kutolea maji ndani ya chombo, yaweza kuinyonya betri pole pole mpaka ikauke nguvu. Anzeni na waya wa hasi; wakati wa kurudisha, waya wa hasi uwe wa mwisho. Kisha ijazeni betri siku ile ile, wala msingoje kesho kutwa. Itumieni pamoja na kidhibiti, kile kisanduku kidogo kinachosimama kati ya paneli na betri, ili isishibe kupita kiasi ikachemka. Msiwe na haraka ya kuiondoa. Betri hushiba upesi mwanzoni na pole pole mwishoni, na sehemu ile ya mwisho ndiyo inayoondoa mabaki ya utando.

Betri ikishashiba, tazameni maji yake, kama ina vifuniko. Maji yakiwa yamepungua, ongezeni maji yaliyokenekwa, yaani yaliyokuwa mvuke yakageuzwa kuwa maji tena, mpaka alama iliyowekwa. Mabamba yakiwa wazi kabla ya kujaza, yafunikeni kidogo tu, kisha malizeni baada ya kujaza, kwa maana tindikali huvimba inapojazwa na yaweza kufurika. Maji ya mto au ya kisima yana madini yanayoharibu risasi. Wala msiongeze tindikali, maana kilichopungua ni maji peke yake, na tindikali ikizidi hula mabamba. Angalieni sana dukani: maji na tindikali huweza kukaa rafu moja katika chupa zinazofanana. Someni karatasi ya chupa, au mwulizeni mwuzaji mara mbili.

Baada ya hapo, safisheni vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani unaojikusanya huko huzuia nguvu kupita, hata paneli njema ikaonekana haifai. Uosheni kwa maji ya vuguvugu yenye magadi kidogo, mkiangalia yasiingie vyumbani. Kaushe kwa kitambaa, kisha pakeni grisi. Mwisho, iwekeni betri mahali pakavu, penye baridi na hewa, mbali na watoto. Wako wasemao kwamba betri ikiwekwa juu ya sakafu ya saruji hunyonywa na ardhi. Kwa betri za siku hizi zenye kasha la plastiki hilo si kweli. Kinachoinyonya ni wakati na joto. Hata betri isiyotumika hupoteza sehemu chache katika kila 100 kwa mwezi, na joto likipanda digrii 10, upotevu huo hukaribia kuwa mara mbili. Kwa hiyo betri iliyolazwa muda mrefu na ipimwe kila mwezi, ijazwe tena kabla haijafika 12.4.

Na hapa twapanda sasa mlimani. Mtu wa Ibaba ana faida moja kuliko ndugu yake wa Kyela. Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 tu juu ya bahari, na joto la huko ni kali. Vilima vya Ileje viko juu zaidi, hewa yake ni ya baridi, na betri iliyolala katika baridi hupoteza nguvu polepole. Lakini ana hasara moja vile vile. Katika miezi ya mvua, tangu karibu Novemba mpaka Aprili, mawingu na ukungu hulificha jua, na paneli iliyotosha wakati wa kiangazi haitoshi tena. Ziwani betri hukopa kwa sababu ya usiku mrefu wa kazi. Mlimani hukopa kwa sababu ya mchana wenye mawingu. Mwenye nyumba huona taa imefifia, huilaumu betri, na kuiacha hivyo mpaka kiangazi. Ni kosa lile lile la mvuvi. Yampasa katika miezi hiyo apunguze matumizi, aifute paneli vumbi na majani, na mara kwa mara aipeleke betri kwa mwenye chaja ya umeme ikashibishwe sawasawa. Kadhalika anayesafiri kwa mwezi mzima asiiache betri nusu akaufunga mlango.

Twawaonya pia juu ya hatari. Betri inapojazwa hutoa hewa iitwayo haidrojeni, isiyo na rangi wala harufu, nayo hulipuka kwa cheche moja. Msiijaze chumbani mnamolala, wala karibu na jiko la mkaa, karabai au sigara. Ndani ya mashua ifungwe imara katika sanduku lenye matundu, juu ya maji yanayojikusanya chini. Na kwa wasomaji wetu wa pwani, yawapasa kujua kwamba maji ya bahari yakiingia ndani ya betri hufanyika hewa ya klorini, ambayo ni sumu. Msiibebe betri begani, maana tindikali ikimwagika huunguza nguo na mwili. Ikiingia machoni, osheni kwa maji safi mengi, yakitiririka kwa robo saa au zaidi, kisha nendeni zahanati bila kukawia. Magadi ni ya vyuma, msiyatie machoni.

Yote tuliyosema ni ya betri za risasi. Zile zilizozibwa zisizo na vifuniko haziongezwi maji, lakini nazo hulazwa zimeshiba. Betri za lithiamu, ambazo ni nyepesi na zimeanza kuenea, zina desturi nyingine: hizo zikilazwa muda mrefu hupenda kubaki karibu na nusu, na hujazwa kwa chaja yake. Basi mwenye betri aisome karatasi yake kwanza, ajue ni ya kabila gani.

Hata betri njema ina siku yake ya mwisho. Ikifika, msiivunje. Wako wanaoyeyusha risasi ya betri kuukuu wapate chubwi, yaani vizito vya wavu. Moshi na vumbi la kazi hiyo ni sumu, na hudhuru ubongo wa watoto kuliko mtu mzima. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watu risasi mwilini, watoto na wazazi pamoja; Phyllis Omido, mama aliyepigania haki yao, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Betri iliyokufa na ihifadhiwe nzima, iuzwe kwa mnunuzi mwenye kibali.

Tukifunga mazungumzo, neno letu ni moja. Punda huchoka kwa kazi, akapona kwa kupumzika. Betri ya risasi hufanya kazi ikapona kwa kulishwa, nayo huugua kwa kupumzika na njaa. Basi usiku ule mwezi unapoangaza ziwa lote na nyavu zikaanikwa, au siku ile ukungu unapoishika Ibaba, mwenye betri asiseme, "Leo haina kazi." Na aipime, na kama ina deni, ailipe kabla ya kuilaza.